Pikipiki ya injekta inakohoa: tafuta ugonjwa kabla ya kuchagua namna ya kuityuni

Pikipiki za injekta zinazofika mikononi mwangu hapa Malindi huja na hadithi zinazofanana. Mwenyewe amebadilisha egzosi, au ameng'oa chujio la hewa la kiwandani akaweka la wazi, au ameinunua Nairobi ikiwa imeshaguswa na mtu asiyemjua. Sasa inakohoa, inakunywa petroli, au taa ya injini haizimi. Mmoja amemwambia dawa yake ni kuflashi kompyuta ya injini, yaani kuandika upya maagizo yake. Mwingine amemwambia anunue kiboksi cha kupachika. Ananiuliza: fundi, nichukue kipi?

Namwambia hatujafika huko. Kutyuni ni kubadilisha kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaiamuru injekta ipulize. Kama injekta imeziba nusu, au manifoldi (njia ya hewa ya kuingilia kwenye injini) ina ufa unaovuta hewa, au betri imechoka, basi utakuwa unaiharibu hesabu nzima ili ifanane na pikipiki mbovu. Siku ule ufa ukizibwa, hesabu ndiyo itakayokuwa mbovu, na utalipa mara ya pili kuirudisha. Ndiyo maana nimepanga mambo haya kwa dalili, sababu ya kawaida kwanza, halafu nimesema ni wakati gani dalili hiyo inahitaji kutyuniwa kweli na kwa njia ipi.

Kama pikipiki yako ni ya kabureta, kama zilivyo nyingi za bodaboda mjini hapa, ramani ya mafuta, ile hesabu ya petroli iliyomo ndani ya kompyuta, haikuhusu. Wewe ni wa jeti (kitundu kinachopitisha petroli) na skrubu. Ila ujue jambo moja: kabureta iliyowekewa jeti ndogo kwa ajili ya Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, ikishuka hapa itakosa petroli, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito zaidi. Kompyuta nyingi za injekta husoma mgandamizo wa hewa na kujirekebisha zenyewe, ilimradi hakuna aliyeizima sehemu hiyo wakati wa kuflashi.

Njia zilizopo

Ya kwanza ni kuiacha ilivyotoka kiwandani, na kwa pikipiki isiyobadilishwa chochote hiyo ndiyo ninayoishauri.

Ya pili ni resista inayowekwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa ili kompyuta idhani hewa ni baridi, imwage petroli zaidi. Ni rahisi sana kwa bei, na mimi siifungi. Inaongeza petroli kila mahali, hata pale ambapo haikupungua, na anayekuja kuitengeneza baadaye hajui kama sensa inasema kweli.

Ya tatu ni kiboksi. Kinakaa kati ya kompyuta na injekta, kinarefusha au kufupisha ule muda ambao injekta iko wazi. Uzuri wake ni kwamba kinatoka, na kompyuta ya kiwandani haijaguswa. Ubaya wake kwa watu wa pwani ni soketi. Kila soketi mpya ni mlango mwingine wa chumvi, na pikipiki inayolala Mambrui au inayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni inaota kutu ya kijani kwenye pini upesi mno.

Ya nne ni kuflashi, yaani kuandika upya ramani ndani ya kompyuta yenyewe. Hakuna waya mpya, na fundi anaweza kugusa petroli, moto wa plagi na hata joto la kuwashia feni. Lakini lazima awe na vifaa vya modeli yako hasa, na umeme ukikatika katikati ya kazi kompyuta inaweza kufa.

Ya tano ni kufunga kompyuta nyingine kabisa. Hiyo ni ya injini iliyojengwa upya kwa mashindano. Sisemi zaidi.

Kifaa chochote utakachochagua hakina macho. Kinachokuambia petroli imezidi au imepungua ni kipimo: sensa pana ya oksijeni iliyochomekwa kwenye egzosi, barabarani au juu ya mashine ya roli inayozungushwa na gurudumu la nyuma. Kwa petroli tupu, uwiano unaochoma kila kitu sawasawa ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na injini nyingi hutoa nguvu zao zote karibu na 12.5 hadi 13. Anayekutyunia kwa kusikiliza sauti peke yake anabahatisha, hata awe hodari namna gani.

Dakika kumi za mwanzo, kwa dalili yoyote

Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 ni nzima, chini ya 12.4 ichaji kwanza. Injini ikiwaka na resi ikiwa juu kidogo, betri inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.7 hivi. Injekta hufunguka kwa umeme, na umeme ukiwa hafifu hufunguka kwa kuchelewa. Washa swichi bila kupiga stata usikilize pampu ndani ya tangi: inavuma kama sekunde mbili kisha inanyamaza. Ikiwa kimya, tazama fyuzi na swichi ya kuzimia injini kabla ya kulaumu pampu.

Halafu soma taa ya injini. Kwa Honda nyingi zinazomweka misimbo, mmweko mrefu ni kumi na mfupi ni moja. Mifupi 7 ni sensa ya joto la injini, 8 ni sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikaza resi), 9 ni joto la hewa. Mrefu mmoja na mifupi miwili, yaani 12, ni injekta. Na 21 ni sensa ya oksijeni. Kampuni nyingine zina hesabu zao, kwa hiyo fuata kitabu cha modeli yako. Msimbo unakuonyesha njia ya umeme ya kukagua, na mara nyingi kosa liko kwenye waya au soketi, wala si sensa yenyewe.

Ukikaza resi ghafla inashtuka, ndipo inavuta

Sababu ninayoikuta zaidi ni hewa ya wizi. Mpira wa manifoldi kati ya throto na injini unakauka kwa joto letu, unapasuka upande wa chini usioonekana, au klipu yake imelegea tangu siku ya sevisi. Hewa hiyo inaingia bila kupita mahali kompyuta inapoipimia. Kagua injini ikiwa inanguruma taratibu: nyunyizia maji kidogo kwa chupa kuzunguka mpira, na ukisikia sauti inabadilika umeupata ufa. Tumia maji, kamwe usitumie petroli karibu na egzosi ya moto, na usielekeze kwenye mdomo wa chujio.

Baadaye tazama ndani ya throto. Ikiwa na masizi meusi pembeni mwa kile kisahani kinachofunguka, ifute kwa kitambaa na dawa yake. Ile skrubu ndogo iliyopakwa rangi kiwandani usiiguse. Watu huizungusha ili kupandisha mngurumo, na hapo kompyuta inapoteza alama ya mahali throto inapofungia.

Tatu ni sensa ya throto. Nyingi hulishwa volti 5. Throto ikiwa imefungwa utasoma kama 0.5 hadi 0.7, ikifunguka yote ipande zaidi ya 4. La muhimu ni ipande laini bila kuruka. Ikiruka mahali pamoja, hapo ndipo inaposhtuka barabarani.

Yote hayo yakiwa mazima na umebadilisha egzosi au chujio, sasa ndiyo nasema ni ramani. Petroli imepungua mwanzoni mwa resi, na kiboksi au flashi vyote vinaweza kuitibu.

Egzosi inapiga fataki ukiachia resi

Gasketi. Egzosi ikishafunguliwa, gasketi ya zamani imeshabonyea na haifai kurudishwa, lakini hurudishwa. Tafuta masizi kwenye kiungo karibu na kichwa cha injini, au washa injini ikiwa baridi kabisa na usogeze mkono karibu na kiungo, usiguse, usikie kama kuna pumzi inayotoka. Kisha kagua ile vali inayopeleka hewa safi kwenye egzosi, kama pikipiki yako inayo.

Mtu akikuambia utyuni kwa sababu ya fataki tu, subiri. Kompyuta nyingi hukata petroli kabisa ukiachia resi, kwa hiyo kuongeza petroli kwenye ramani hapo hakubadilishi kitu. Egzosi nyepesi iliyo wazi itapiga kidogo, na injini haiumii.

Inavuta vizuri mjini, barabara ndefu inaishiwa

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa. Kijana anavuka daraja la Sabaki kuelekea Gongoni na Marereni, abiria nyuma, resi imekazwa mpaka mwisho, na pikipiki inaanza kukatakata kama inayomaliza mafuta. Akipunguza, inarudi.

Mara nyingi ni mafuta yenyewe au njia yake. Petroli ya chupa za kando ya barabara hubeba maji na mchanga, na wengine huichanganya na mafuta taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuukomesha mchezo huo, lakini mafuta taa hata kidogo kwenye petroli hushusha uwezo wake wa kustahimili mgandamizo, na injini inagonga. Maliza tangi hilo, jaza kituo unachokiamini, uone. Halafu fungua kifuniko cha tangi pale pale inapoanza kukata: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na pikipiki ikapona, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Nimeona pampu mpya zikinunuliwa kwa sababu ya tundu hilo.

Linalofuata ni chujio la pampu ndani ya tangi, na baada yake pampu. Hapa huwezi kubahatisha, pima presha. Pikipiki nyingi ndogo hukaa karibu na baa 3, sawa na 43 kwenye geji ya psi, lakini namba ya kitabu chako ndiyo ya kufuata. La muhimu zaidi ni presha ibaki pale injini inapopigwa resi. Ikianguka, hakuna ramani itakayokuokoa.

Simama hapa kama huna geji na uzoefu. Mpira wa petroli wa injekta una presha hata baada ya kuzima swichi. Ukiuchomoa hivi hivi utarusha petroli usoni mwako na juu ya injini ya moto. Presha hutolewa kwanza, injini ikiwa baridi, mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Jingine ni injekta iliyoziba. Usiipe umeme wa betri moja kwa moja kwa muda mrefu. Koili yake huungua. Ipeleke kwa mwenye mashine ya kuosha na kupima mwagiko.

Kama presha ni nzima, injekta ni safi, na egzosi na chujio si vya kiwandani, basi kweli ramani imepungukiwa na petroli kwenye resi ya juu. Dalili hii haityuniwi kwa kukisia. Injini iliyokosa petroli chini ya mzigo mzito inapanda joto mpaka pistoni inayeyuka. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo unapokaza resi, achia, rudi polepole, usiende tena kasi mpaka ipimwe.

Haiwaki asubuhi, au mngurumo unapanda na kushuka

Betri, plagi, masizi kwenye throto, vali ya hewa ya mngurumo, kwa utaratibu huo. Baada ya kusafisha throto modeli nyingine hutaka ufanye utaratibu wa kuifundisha upya kompyuta, umo kitabuni. Sijawahi kukutana na pikipiki ya kiwandani iliyohitaji kutyuniwa kwa sababu hii.

Moshi mweusi, petroli inaisha mapema

Anza na chujio la hewa. Vumbi jekundu la njia ya Marafa hulijaza kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye ratiba ya sevisi, na chujio la karatasi halifuliwi, hubadilishwa. La pili ni sensa ya joto la injini inayosema injini ni baridi siku nzima, na kompyuta inaendelea kumwaga kama ya alfajiri. La tatu ni sensa ya oksijeni iliyokufa au kuchomolewa. La nne, injekta inayovuja.

Hapo katikati ongeza swali moja: nani aliigusa kabla yako? Ililetwa kwangu pikipiki iliyotoka bara, imebadilishiwa plagi, chujio na sensa mbili, na bado inatoa moshi. Nikafuata waya wa sensa ya joto la hewa kwa kidole, nikakuta uvimbe chini ya tepu. Resista. Mwenye nayo alikuwa ameshafunga egzosi ya kiwandani tena, hajui kwamba kompyuta inadanganywa. Niliitoa, nikaunganisha waya, kazi ikaisha.

Ukichomoa kijiti cha oili na kunusa petroli, au oili imepanda bila kuongezwa, usiiwashe tena. Petroli inaosha kuta za silinda na kuinyima injini ulainisho. Oili imwagwe na injekta ipimwe na fundi kabla ya safari yoyote.

Ilityuniwa ikawa tamu, baada ya siku chache ikarudi ilivyokuwa

Watu hudhani wametapeliwa. Mara nyingine ndivyo, lakini mara nyingi kompyuta imefanya kazi yake. Unapokwenda kwa resi ndogo na mwendo wa kawaida, inasikiliza sensa ya oksijeni na kulenga ile 14.7. Kiboksi kikiongeza petroli hapo, sensa inaripoti kwamba imezidi, kompyuta inapunguza. Kinaongeza tena, inapunguza tena. Na inakumbuka masahihisho hayo. Kwa hiyo baada ya siku kadhaa umerudi ulipoanzia, isipokuwa resi ya juu, ambako kompyuta haiisikilizi sensa hiyo.

Mwenye kiboksi anayetaka kubadilisha sehemu hiyo ya chini lazima awe na kifaa kinachosimama mahali pa sensa ya oksijeni. Mwenye flashi hurekebisha lengo lenyewe ndani ya kompyuta, na hapa ndipo flashi inapokishinda kiboksi waziwazi. Kuichomoa sensa na kuiacha ikining'inia ni kubadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine: taa inawaka, na petroli inaliwa zaidi.

Taa ya injini imewaka baada ya kutyuni

Fungua kila soketi iliyoguswa, tazama pini zilizopinda, maji na ule ukijani. Safisha kwa dawa ya umeme, kausha, paka grisi ya soketi. Hakikisha waya wa ardhi wa kiboksi umekaa kwenye chuma kisafi. Anayeosha pikipiki kwa mashine ya presha asilenge chini ya kiti.

Kama ilikuwa flashi na sasa pikipiki haiwaki kabisa, usijaribu kuandika tena kwa betri ile ile. Iache, mpigie aliyeifanya, kwa sababu kompyuta nyingine hufufuliwa mezani na mwenye vifaa, ila majaribio ya ovyo huimaliza. Na usichokonoe pini za kompyuta kwa taa ya kupimia ya balbu. Umeme inaovuta unaweza kuiunguza.

Kama umefika hapa na pikipiki ni nzima

Kipande cha mwisho cha egzosi tu kimebadilika na chujio ni la kiwandani: iache, isipokuwa kipimo kionyeshe vingine. Egzosi nzima na chujio la wazi: ityuni, na kwa anayeishi kwenye upepo wa chumvi nachagua flashi kama yuko mwenye vifaa vya modeli hiyo. Unafikiri kuiuza karibuni, au kompyuta yake haina anayeiweza: kiboksi, soketi zake zikiwa juu na zimepakwa grisi. Ile chujio ya wazi mimi singeiweka kabisa kwa anayekwenda Marafa, maana inapitisha vumbi linalosaga silinda, na hilo halina ramani.

Usikubali faili la pikipiki ya mtu mwingine lililotumwa kwa simu, hata kama ni modeli moja. Egzosi yake si yako. Wala usikubali kutyuniwa barabarani na mtu anayetazama kompyuta ya mapajani huku wewe ukikimbiza kuelekea Garsen. Sensa irekodi, msimame, ndipo msome.

Ukiamua kwenda kwa mtyunaji, Mombasa au kwingine, mpelekee karatasi: modeli na mwaka, egzosi na chujio vilivyomo, volti za betri, presha ya petroli uliyopima, misimbo uliyoisoma, na kila kilichobadilishwa. Hakikisha betri imechajiwa usiku kucha kabla ya kuflashi na chaja imara imeunganishwa wakati wa kazi. Na kabla hajaandika chochote, mwombe ahifadhi faili la kiwandani la pikipiki yako na akupe nakala uondoke nayo.